Redio ya Bandia ya Mama Meno

Kazi ya Mama Meno ilikuwa kuchonga meno ya watu ambao hajawahi kuwatia machoni. Daktari wa upande wa pili wa mji anamtumia bahasha yenye vipimo, namba ya rangi na chapa ya ufizi kwenye plasta, basi. Yeye anayeyusha nta, anachonga, anasugua, anang'arisha, halafu meno yanaondoka zake kwenda kucheka kwingine. Miaka thelathini na minne ndani ya chumba kimoja, meza moja na taa moja ya kuinama, vumbi jeupe likiwa limemwingia mpaka kwenye nyusi.

Ingekuwa kazi nzuri kabisa kwa mtu mkimya. Lakini yule mama alipewa mdomo, na meno ya kwenye meza hayajibu! Alishawahi kuyasimulia ugomvi mzima wa jirani yake, mwanzo mpaka mwisho, akageuka kuona yamesemaje, akajicheka mwenyewe. Siku hiyo hiyo alipanda ngazi za jengo la dobi mpaka chumba cha juu na kujiunga na chama cha redio za ridhaa.

Redio za ridhaa si zile za taarifa ya habari. Hizi ni za watu wenye kibali cha kurusha sauti zao hewani, wakaongea na wenye vibali wenzao wa nchi za mbali, bila malipo na bila sababu yoyote ya maana. Kila mmoja ana jina lake la hewani, herufi kadhaa na namba, na duniani kote hakuna wa pili mwenye jina hilo. Mama Meno alilipata la kwake miaka thelathini na moja iliyopita. Akilitamka mgongo unanyooka wenyewe. Majirani walimjua kwa meno, madaktari walimjua kwa meno, hata marehemu mumewe alimposa kwa sababu alivunjika jino. Hewani tu ndiko hakuna aliyemuuliza habari za meno.

Sasa balaa. Jirani wa ghorofa ya pili alilalamika kwamba waya wa antena wa Mama Meno uliokuwa juu ya paa unamharibia tamthilia. Mwenye nyumba akapanda, akautoa, na kwa vile yeye si mtu wa kutupa kitu, akaufanya kamba ya kuanikia nguo. Mama Meno akawa anatazama mashuka ya watu yanapepea kwenye antena yake huku roho inamuuma, maana bila waya huo redio yake haimfikii mtu.

Na chama kina sheria, hasa ile ya saba. Mwanachama akimaliza miezi kumi na miwili bila kumpata mtu wa nje ya nchi kwa redio, kutoka kituo chake mwenyewe, anafutwa. Akifutwa, chama hakisaini barua ya kibali. Barua isiposainiwa, jina la hewani linachukuliwa, anapewa mwingine. Miezi kumi na moja ilikuwa imeshakatika na maji yamemfika shingoni.

Aliyemwokoa ni Mwalimu, mama mstaafu wa hesabu, mwanachama mwenzake. Alimletea redio ndogo ya mkononi na kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

"Hii unaongea kwa redio mpaka kwenye kiboksi," Mwalimu akaeleza. "Kiboksi kinaipitisha sauti kwenye mtandao, kama namba, mpaka kwenye ukumbi. Ukumbini wapo watu wa dunia nzima wanasikiliza. Kila mmoja kwake, sauti inashuka tena kwenye redio yake."

"Kama namba? Sauti yangu inakuwaje namba?"

"Inapimwa. Huku zinaondoka namba, kule inatengenezwa upya."

Mama Meno akapiga paja. "Ala! Si ndiyo kazi yangu hii? Daktari hanitumii jino. Ananitumia vipimo, jino nalitengeneza hapa!"

Mwalimu, ambaye alikuwa amejiandaa kwa somo la saa mbili, akakunja karatasi zake na kuomba chai.

Siku ya kwanza ilikuwa vituko. Ukibonyeza kitufe inabidi usubiri kidogo ndipo uanze kuongea, na kumwambia Mama Meno asubiri kabla ya kuongea ni kumwonea. Nusu ya jina lake ikawa inakatika. Lakini hatimaye akajibiwa na mwokaji mikate wa kisiwa cha mbali, sauti safi utadhani kakaa kwenye beseni la vyombo pale pale jikoni. Wakaongea kwa Kiingereza cha kuokoteza kuhusu unga na magoti. Mama Meno alipoachia kitufe alicheza jikoni peke yake, na aproni yake.

Kesho yake akampelekea Katibu fomu.

Katibu wa chama alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, fundi mstaafu wa lifti. Tangu afiwe, alikuwa anashinda kwenye chumba cha chama kuanzia asubuhi mpaka jioni, mbele ya redio kubwa, hedifoni kichwani. Kila Jumapili anakula kwa Mama Meno, na kwa utani wao ungedhani ni maadui. Aliipokea fomu, akaishika mbali na macho, akasoma mahali palipoandikwa *aina ya mawasiliano*. Mama Meno alikuwa ameacha wazi, maana hakujua iitweje.

"Hii si redio," Katibu akasema.

"Ni nini basi?"

"Ni simu iliyovaa koti la redio. Sauti imepita kwenye waya wa mtandao na sauti yenyewe si yako, imetengenezwa. Hii ni redio ya bandia."

"Bandia!" Mama Meno akashika kiuno na kumsogelea mpaka pua kwa pua. "Na hayo meno unayonitukania ni ya nani? Si ya bandia? Si mimi niliyeyachonga? Mbona nyama yangu ya Jumapili unaitafuna mpaka mfupa?"

Katibu akafunga mdomo kwa namna ya mtu anayelinda mali. "Jumamosi wiki ijayo kikao. Kikao ndicho kitasema iitwe nini. Mimi kura yangu unaijua."

Wanachama walikuwa watano na Katibu ndiye waliyemfuata wote. Mama Meno akashuka ngazi akiwa amevimba. Alipofika chini, kwenye mvuke wa pasi za dobi, alikuwa tayari anacheka peke yake. Wazo lilikuwa limeshamwingia, na wazo likimwingia Mama Meno, huwa halitoki mpaka limemfanyia mtu kitu.

Jumatatu asubuhi Katibu huenda kupimwa presha. Mlango ulipofungwa tu, Mama Meno na Mwalimu wakapanda na kifuko cha bisibisi. Mwalimu alishapata neno la siri la mtandao wa dobi, usiulize vipi. Redio ndogo na kiboksi vikaingia kwenye droo ya meza, vimefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Kisha Mama Meno, kwa mikono ile ile inayounganisha jino na ufizi, akachomoa nyaya za hedifoni na za maiki nyuma ya redio kubwa, akazipitisha chini ya meza, akazichomeka kwenye ile ndogo. Redio kubwa ikabaki inawaka taa zake zote, nzuri, kama kawaida, ila haina kazi yoyote.

Mpango ulikuwa mtamu. Mwokaji mikate ameshaambiwa asubiri ukumbini. Katibu atakaa, ataita, atajibiwa, ataandika daftarini na kusaini kwa mkono wake mwenyewe kwamba ni redio. Na akishtuka kabla hajasaini, basi angalau watacheka. Mwalimu alikuwa na hakika atashtuka ndani ya dakika moja, kwa sababu redio ya masafa marefu ina kelele. Inachemka muda wote kama mafuta ya kukaangia, na mtu unamsikia kwa mbali humo ndani. Hii ya droo haina kelele. Mtu asipoongea ni kimya kabisa. Hata mtoto angejua.

Mwalimu akaenda zake. Katibu akarudi, akamkuta shemeji yake anapangusa rafu.

"Umekuja kuniombea kura?"

"Nimekuja kupangusa. Mnakaa kama kuku humu!"

Katibu akavaa hedifoni, akageuza kitufe cha sauti cha hedifoni mpaka mwisho, akaita. Mwokaji mikate akajibu.

Mama Meno alikuwa nyuma yake, kitambaa mdomoni, anangoja. Dakika moja ikapita. Mbili. Katibu hakushtuka. Alikuwa ameinama mbele, mikono miwili juu ya hedifoni, na uso wake umebadilika. Kwa kawaida humwomba mtu arudie jina mara nne, halafu analaumu hali ya anga. Leo alilipata jina mara ya kwanza. Akauliza habari za mkate, akaambiwa. Akauliza habari za mke wa mwokaji, akaambiwa, akacheka kicheko cha sauti kubwa ambacho Mama Meno hakuwa amekisikia tangu msiba. Waliongea dakika arobaini. Mwokaji sijui mikate yake aliiacha na nani.

Kisha Katibu akavua hedifoni, akafungua daftari la mawasiliano, akaandika taratibu. Mama Meno akachungulia juu ya bega lake. *Kelele nyingi. Sauti inapanda na kushuka.* Chini yake, saini.

Mbavu zikaanza kumtetemeka. Kelele nyingi! Kwenye kitu kisicho na kelele hata chembe! Ilibaki kidogo tu aangue kicheko cha kushusha dari, na ndipo akajiuliza mtu huyu amesikia kelele zipi.

Katibu alipotoka kwenda kunawa, Mama Meno akarudisha kurasa za daftari nyuma. *Kelele nyingi. Sauti inapanda na kushuka.* Ukurasa wa juzi, hivyo hivyo. Wa mwaka jana, hivyo hivyo. Akaendelea kurudi mpaka akafika zamani, dada yake akiwa bado mzima, na huko kila mstari ulikuwa na maneno yake: *kelele kama mvua juu ya bati*, *kelele kama mtu anasugua sufuria chumba cha pili*, *kelele imekatika saa tisa, ajabu*. Yule ndiye Katibu aliyemjua. Huyu wa kelele nyingi, kila siku kelele nyingi, hakuwa anasikia kelele wala watu. Shemeji yake alikuwa amekuwa kiziwi, asikiaye tu sauti kubwa isiyo na kelele, na alikuwa anashinda humu peke yake kila siku, anaandika.

Mama Meno aliumia, tena vibaya. Na hapo hapo akaelewa kwamba ushindi wake wote uko kwenye ukurasa ule, na kwamba hawezi kuutumia bila kumvua mzee nguo mbele ya watu.

Akaamua kuirudisha redio yake nyumbani kimya kimya, yaishe. Jumanne akaenda, akamkuta Katibu mezani, hedifoni kichwani. Akasema amekuja kufagia, akafagia. Jumatano akaenda mapema zaidi, akamkuta. Akafagia. Alhamisi alipiga hodi saa moja asubuhi na ufagio wake kabisa, na Katibu alikuwa ameshafika, ameweka na chupa ya chai.

"Shemeji, chumba hiki kimekuwa kisafi mpaka naogopa," Katibu akamwambia. "Una nini?"

"Nina mapenzi na usafi."

"Tangu lini?"

Ijumaa hakwenda, alikuwa ameishiwa vya kufagia.

Jumamosi kikao kikakaa. Mwenyekiti, fundi rangi wa nyumba mwenye sauti ya pole, akasoma fomu ya Mama Meno, akasema kwanza wakubaliane kitu hiki kiitwe nini. Mwalimu akasema redio ya tarakimu. Mwanachama wa tano, kinyozi, akasema redio ya mtandao, halafu akauliza kama mtandao wenyewe si redio pia, wakapoteza nusu saa nzima hapo. Mwenyekiti akamgeukia Mama Meno, akamuuliza: "Una la kujitetea?"

Mwalimu akamkanyaga mguu chini ya meza. Daftari lile pale. Ukurasa ule pale. Sentensi moja tu.

Mama Meno akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa anaitazama midomo ya Mwenyekiti kwa bidii kubwa.

"Sina," akasema.

Mama Meno, kukosa la kusema! Kinyozi alitoa macho. Mwenyekiti akashika kalamu ya kufutia jina, na kalamu yenyewe ilionekana imemwelemea.

"Subiri," Katibu akasema, akasimama. "Mimi ninalo. Jumatatu nilimpata mwokaji mikate wa kisiwani. Nikamwandika. Jumatatu hiyo hiyo mchana nikaita tena, wakanijibu watu wengine. Nikasema nizungushe kitufe cha masafa, nisikie na kwingine. Nikazungusha. Hakuna kilichobadilika. Nikazungusha mpaka mwisho. Yule bwana anaongea tu, habari za kuku wake. Nikaizima redio." Akaielekeza kidole redio kubwa. "Redio imezimwa, taa zimezimika, mtu bado ananieleza habari za kuku."

Mwalimu akafunika uso kwa mikono.

"Nikajua hapa kuna shemeji. Nikafuata waya mpaka kwenye droo, nikakuta kitambaa cha jikoni ninachofutia mikono kila Jumapili. Hasira zilinipanda dakika kumi. Nilitaka nivitupe dirishani vyote. Halafu nikaketi, nikavaa hedifoni, nikaita tena." Akafungua daftari. "Tangu Jumatatu hadi jana nimepata watu kumi na wanne. Majina yao wote nimeyasikia mara ya kwanza."

"Sasa mbona hapa umeandika kelele nyingi?" Mwenyekiti akauliza akionyesha mstari wa Jumatatu.

Katibu alimwomba arudie. Akarudia.

"Kwa sababu sikujua kwamba hazipo," Katibu akajibu. "Ni miezi ishirini na miwili sisikii kelele. Na waliokuwa ndani ya kelele nao siwasikii. Nilikuwa nabahatisha. Wengine niliowaandika humu sijui hata kama walikuwepo. Kama angekubaliwa shemeji na redio isiyo na kelele, ningesingizia nini?" Akatoa ufunguo wa chumba mfukoni, akauweka mezani. "Sheria ya saba naijua, niliiandika mimi. Kama hii ni redio, shemeji anabaki. Kama si redio, futeni majina mawili, na muanze na langu."

Hakuna jina lililofutwa. Mwenyekiti akakohoa, akaivuta fomu, na kwenye nafasi ya *aina ya mawasiliano* akaandika neno moja, redio. Akauliza kama kuna anayepinga. Kinyozi akasema yeye bado ana swali kuhusu mtandao, wakamwambia akae.

Mama Meno alikuwa amebaki salama, jina lake la hewani salama, na badala ya kushukuru akalipuka. "Miezi ishirini na miwili! Kila Jumapili unakaa mezani kwangu, naongea weee, unaitikia ndiyo, ndiyo, kumbe husikii kitu?"

Katibu akamtazama midomo. "Polepole," akasema. "Ukikasirika unatafuna maneno."

Redio ndogo na kiboksi vilibaki kwenye droo kwa amri ya kikao. Mwalimu akamwazima Mama Meno vya kwake. Mchana huo huo, mitaa miwili kutoka chumba cha chama, Mama Meno akaketi jikoni, akabonyeza kitufe, na kwa mara ya kwanza maishani akasubiri kwanza. Kisha akalitaja jina la hewani la Katibu, likapanda, likaenda ukumbini na kushuka mitaa miwili kutoka pale alipo.

Akakigonga kiboksi kwa kidole. Akadhani haijafika. Akaita tena.

"Nakusikia," Katibu akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Shemeji. Unaongea kama dada yako. Kabisa. Nilikuwa nimeshaisahau sauti yake ilivyokuwa."

Mama Meno akakishika kitufe, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akakiachia.

"Usinyamaze," Katibu akasema. "Sema chochote."

"Hata matusi?"

"Hata matusi."

Basi Mama Meno akajifuta macho kwa aproni, akabonyeza kitufe na kuanza kumgombeza. Alianza na kuficha ukiziwi, akaja kwenye ukaidi, akaenda kwenye viatu anavyoingia navyo nyumbani kwake, akarudi nyuma mpaka kwenye harusi, alivyochelewa siku ya harusi dada yake akalia. Alimgombeza mpaka chai ikapoa. Na kila alipoachia kitufe ili kuvuta pumzi, mzee alisema neno lile lile, nakusikia.